Reale Iliyopita kwa Fundi Saa

Ukimuuliza Mwalimu habari za sarafu, yeye kwanza alikuuliza habari zako. Nani amekuleta, huyo aliyekuleta unamjua tangu lini, na yeye huko kwao nani anamjua. Mgeni alidhani amekamatwa. Mimi siku ya kwanza nilitoa pasipoti nikamwekea mezani kabisa, maana Guangzhou mtu akikuuliza maswali mawili ya kufuatana, mkono wenyewe unakwenda kwenye pasipoti. Akaisukuma kando bila kuifungua.

"Hii inasema umezaliwa," akaniambia. "Mimi nauliza nani anasema wewe mkweli."

Mtu gani duniani anatembea na jibu la swali hilo?

Watanzania wote wa Guangzhou tulimwita Mwalimu, kwa sababu kabla ya kuja China alisomesha chuo cha Kurani huko Unguja. Kazi yake hapa ilikuwa ukalimani na uwakala wa mizigo. Alfajiri alitupeleka Shahe, kwenye nguo za bei ya chini. Mchana alituzungusha Zhanqian Road, kwenye majumba ya nguo karibu na stesheni ya reli. Na mzigo ukishakusanyika alisimama pale ghalani mpaka kontena lifungwe liende bandarini Huangpu. Nguo zote za watoto nilizowahi kuuza dukani kwangu Kariakoo nilizinunua kwa mdomo wake, maana mimi Kichina changu kinaishia kwenye duoshaoqian, yaani bei gani, na jibu lake nikilisikia silielewi.

Na niseme mapema: mimi ni mtu wa hofu. Nikifunga mlango nitarudi kuusukuma. Kontena likiwa baharini, kila simu ikilia najua limezama. Mama yangu alikuwa akisema, "Wewe mtoto utaogopa hata harusi yako," na kweli niliiogopa. Mwalimu aliijua hofu yangu na hakuwahi kunicheka. "Mwenye hofu huuliza, Mama Rehema," alikuwa akiniambia. "Mimi nawapenda watu wanaouliza." Tukapatana kwa hilo.

Sarafu zake alizihifadhi kwenye soksi za watoto. Soksi zenyewe ni zile za sampuli tulizopewa Shahe, mguu mmoja mmoja usio na mwenziwe: ya maua, ya dubu, ya mistari. Kila sarafu na soksi yake, na soksi zote ndani ya sufuria kubwa ya wali yenye mfuniko, chini ya kitanda, huko Xiaobei alikopanga chumba ghorofa ya saba. Lifti ilikuwepo ila alikuwa akiiogopa, akasema sanduku la chuma linalofunga mlango bila kukuuliza ni la maiti. Akapanda ngazi, nasi tuliokwenda kumwona tukapanda nyuma yake tukihema, mabegi kichwani.

Zilikuwepo pesa za mizani, zile za shaba zenye picha ya mizani, za enzi za masultani, hela za Mjerumani, rupia, reale ya mzinga, sarafu kubwa ya fedha yenye nguzo mbili ambazo wazee wetu waliziona ni mizinga, na reale za Sham zenye picha ya malkia mnene wa Ulaya. Hizi reale za Sham, mtu wa sarafu atakwambia, ni balaa. Zilipigwa chapa zamani, zikapigwa tena, zikaendelea kupigwa, na zote zimeandikwa mwaka ule ule mmoja. Ya juzi na ya enzi za mababu, malkia mmoja, uzito mmoja. Kuitazama tu hakukwambii kitu. Ndiyo maana Mwalimu alizipenda kuliko zote.

"Hii haina ushahidi ila watu," alikuwa akisema.

Basi akakusanya watu. Wanazuoni wa hadithi, alitueleza, hawapokei neno mpaka wajue limepita vinywa gani, kutoka kwa nani kwenda kwa nani; na katika mnyororo huo akitokea mmoja tu anayejulikana kwa uongo, neno lote linawekwa kando hata likiwa tamu namna gani. Yeye sarafu zake alizipokea hivyo hivyo. Anayempa lazima akae kwenye mkeka, mbele ya shahidi, aseme ameipokea kutoka kwa nani, naye kutoka kwa nani, mpaka mwisho wa kujulikana. Kisha Mwalimu anarudia, yule anasahihisha, Mwalimu anarudia tena. Hakuandika. Ukimwambia andika anakasirika: "Karatasi haina haya." Ijumaa baada ya sala alizitoa kwenye soksi, akazipanga mkekani, akazisomea moja moja, na sisi tuliokuwepo tukasikiliza huku tunakula maandazi ya mama mmoja wa Mwanza, mnunuzi wa suruali, ambaye ndiye aliyekuwa mwenzangu wa chumba kila safari.

"Nimeipokea kutoka kwa mpishi wa meli," kwa mfano, "naye kutoka kwa mjane wa mwuza kahawa, naye kutoka kwa mumewe, naye kutoka kwa hamali aliyebeba sanduku la balozi wala hakuiba kitu." Hilo "wala hakuiba kitu" lilikuwa lazima. Kila mtu katika mnyororo alipewa sifa yake: mkweli, msahaulifu lakini mkweli, mkweli ila mtu wa maneno mengi. Sifa mbaya ilikuwa moja, na ilitosha.

Nilimshuhudia akiivunja rupia yake mwenyewe. Ilikuwa nzuri, mnyororo wake umepita kwa mchukuzi wa karafuu ukafika mpaka kwa mshona majoho wa jumba la mfalme. Ijumaa moja akaja mzee wa Kipemba aliyefuata vipuri vya pikipiki, akasikiliza, akasema taratibu, "Huyo mchukuzi wa karafuu namjua. Aliapa msikitini kwamba shamba si la nduguye, na lilikuwa la nduguye."

"Umesikia au umeona?" Mwalimu akauliza.

"Nilikuwepo."

Mwalimu akaiinua rupia, akaitoa mkekani. Siku ya pili yake aliipeleka sokoni ikauzwa kwa uzito, kama chuma chakavu. "Sarafu haina dhambi," alituambia. "Dhambi ya mdomo." Rupia ile alikuwa amekaa nayo umri mzima.

Kijana mmoja wa Nairobi, mnunuzi wa simu, alimwambia siku hiyo, "Buda, si uuze hizi zote ununue gari? Unazilindia nani?" Mwalimu akamjibu, "Gari lina mlinzi wake. Mimi nalinda maneno." Kijana akacheka, akala andazi la pili.

Alikuwa na mshindani mmoja, mwanamke wa Kichina mwenye meza ya sarafu kwenye soko la vitu vya kale upande wa Liwan. Tulimwita laoban, bosi, kama tulivyowaita wauzaji wote. Laoban huyo alishika sarafu ya fedha kwa ncha za vidole viwili, akaipuliza ukingoni fuu!, akaipeleka sikioni kusikia inavyolia. Mwalimu naye akapuliza ya kwake. Wazee wazima, wanapuliza na kusikiliza, wanapuliza na kusikiliza, na sisi tumesimama na mifuko tunataka kwenda kula. Siku moja laoban akatuonyesha reale ya mzinga iliyojaa mihuri midogo midogo ya herufi za Kichina, imegongwa mpaka nguzo hazionekani. Akaeleza, Mwalimu akatutafsiria: zamani fedha za kigeni zilipofika huku, mfanyabiashara aliyeikagua sarafu na kuiona safi aligonga muhuri wake. Kwa hiyo habari za wenyewe zimo mwilini mwake, hazimo kwenye ndimi za watu.

"Mwambieni Mwalimu wenu," laoban akasema huku anacheka, "zangu zina mihuri, zake zina porojo."

Mwalimu alilitafsiri hilo neno kwa neno, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Njiani kurudi, ndani ya treni ya chini ya ardhi, akaniinamia. "Muhuri unasema fedha ni safi," akasema. "Kama mtu ni safi, hausemi."

Nasema halikuwa kawaida yake kwa sababu Mwalimu huyu, bingwa wa ukweli, alikuwa mkalimani mwongo kupita wote niliowahi kuwaajiri. Mama wa Mwanza alimwambia siku moja pale Shahe, "Mwambie huyu mwizi mkubwa, zipu zake hata gunia la mkaa hazifungi!" Mwalimu akasema Kichina kirefu, laini, na muuzaji akatabasamu, akapunguza bei.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia unamwombea baraka kwa watoto wake."

"Mwalimu! Huo si uongo?"

"Hasha. Ukalimani ni kupatanisha watu."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Lakini mimi nilikwenda kulala na neno hilo, nikajiuliza mzee huyu mpaka wa uongo anauweka wapi, na siku ukinigusa mimi utakuwa upande gani. Ndivyo nilivyo. Wenzangu wanacheka wanamaliza, mimi nachukua kichekesho nakwenda kukiogopa.

Mama wa Mwanza huyo huyo, mwenye roho nzuri na mikono isiyotulia, aliwahi kumfanyia msiba. Mwalimu alikwenda kutia udhu, akaziacha sarafu mkekani. Mama kuona pesa moja ya mizani imekuwa nyeusi, akaona aibu kwa niaba ya mzee. Akachukua ndimu na majivu, akaisugua kama masufuria ya harusi. Mwalimu kurudi, inang'aa kama kifungo cha askari. Sarafu ya kale haioshwi, jamani, ule weusi ndio umri wake, ukiusugua umeifuta. Mwalimu akaiokota, akaitazama mbele na nyuma, akaketi. Mama akaanza kulia. Ijumaa iliyofuata aliisomea vile vile mpaka mwisho, kisha akaongeza: "Nikaipokea mimi, kisha mama wa Mwanza akaisugua kwa ndimu, kwa wema wake." Hakuficha na hakumtukana. Tangu hapo pesa ile ilisomwa hivyo.

Tabia nyingine nisiyoisahau ni simu. Sikio lake lilikuwa zito, kwa hiyo kila simu aliiweka kwenye spika. Tulizijua ndoa za watu na talaka zao. Ukimpigia kumwambia siri, ujue umeitangazia ghorofa nzima.

Katika sarafu zote, iliyozipita ilikuwa reale ya mkunga. Ilikuwa reale ya Sham yenye tundu juu ya kichwa cha malkia. Wakusanyaji wengi huidharau sarafu iliyotobolewa. Mwalimu alisema tundu ndilo heshima yake. Mkunga mmoja wa Pangani, zamani za maliwali, alipewa reale hiyo baada ya kumzalisha mke wa liwali kwa uchungu mrefu, akakataa kuitumia. Akaitoboa, akaivaa shingoni kwa uzi, na kila mtoto aliyempokea, wa tajiri na wa mtumwa, alimgusa kifuani kwa fedha ile akasema, "Mlango wenu ulikuwa mmoja." Hadithi hiyo sote tuliijua. Mnyororo wenyewe, mtu kwa mtu, Mwalimu hakuusoma hadharani. Alisema atautoa siku atakayoitoa sarafu mkononi mwake.

Siku hiyo ikakaribia. Kibali chake cha kukaa China kilikuwa kinakwisha na magoti yalikuwa hayataki ngazi tena. Akatuambia anarudi nyumbani. Wazee wa Pangani wakapata habari. Walikuwa wanatengeneza chumba kwenye jengo moja la kale, cha kuwekea vitu vya mji wao, wakampigia simu, kwenye spika bila shaka, wakamwomba reale ya mkunga. Mwalimu alilia mbele yetu. Akawaapia kwamba ni yenyewe na kwamba ataileta kwa mkono wake. Wakapanga siku: vitukuu wa mkunga watakuwepo, naye atasimama ausome mnyororo mbele ya mji.

"Lakini lazima awepo mwingine anayeujua," akasema. "Nikifa njiani, mnyororo usife nami."

Akanichagua mimi. Kwanza kwa sababu mimi ni mtu wa Tanga, na Tanga na Pangani ni jirani. Pili kwa sababu, alisema, mwenye hofu haongezi wala hapunguzi. Nilifurahi, nikakosa usingizi kwa furaha, kisha nikakosa usingizi kwa kuogopa kusahau.

Ijumaa hiyo nilikaa mkekani, shahidi wangu mama wa Mwanza. Mwalimu akaiweka reale mbele yetu.

"Nimeipokea," akaanza, "kutoka kwa baharia mstaafu wa Mombasa, mkweli, naye kutoka kwa fundi saa wa Ngamiani, Tanga, mwenye kibanda pembeni ya soko, aliyekatika kidole gumba cha kulia, mkweli kwa alivyosema baharia, naye kutoka kwa bibi wa Pangani, mjukuu wa mkunga..."

Sikusikia kilichofuata. Fundi saa wa Ngamiani mwenye kibanda pembeni ya soko, aliyekatika gumba la kulia, alikuwa baba yangu mzazi.

"Rudia," Mwalimu akasema. Ikabidi anisomee upya, ndipo nikarudia. Mama wa Mwanza akapiga kigelegele.

Baba yangu, Mungu amrehemu, nilimpenda mno. Alitulisha, alitusomesha, hakuwahi kuninyanyulia mkono. Na alikuwa mwongo. Mwongo wa biashara, nilikuwa nikijiambia, si mwongo wa kudhuru mtu. Saa aliyoinunua jana kwa mchuuzi ilikuwa ya nahodha wa Kigiriki. Reale za Sham alizipata mpya kabisa kwa sonara mmoja, akazifungia kwenye kopo pamoja na yai la kuchemsha lililopasuliwa, na baada ya siku chache zikatoka nyeusi, za kale. Mama akiuliza mayai yamekwenda wapi, Baba anamjibu, "Yameanguliwa." Kisha mabaharia na watalii wakapewa hadithi. Nilimsikia akiipa reale moja hadithi ya bibi harusi, nyingine ya mfungwa, nyingine ya sharifu aliyekufa maji. Mkunga simkumbuki. Na hapo ndipo hofu ilipopata pa kukaa, kwa sababu Baba hakudanganya kila kitu. Watu wa Pangani walikuwa wakimletea vitu kweli. Huenda mara moja katika maisha yake alikuja bibi mmoja na reale ya kweli na habari za kweli, Baba akaipitisha kama alivyoipokea. Kwa nini isiwe?

Siku zilizofuata nilinunua kama mwehu. Shahe nilichukua magauni ya wasichana wakubwa nikidhani ya watoto. Zhanqian Road muuzaji aliniambia meiyou, hakuna, nami nikaendelea kusimama pale kama niliyeambiwa ngoja. Nikisema, namvunjia baba yangu jina akiwa kaburini. Binti gani huyo? Marehemu hasemwi ila kwa wema. Nisiposema, Mwalimu atasimama mbele ya mji wa Pangani, yeye aliyeivunja rupia yake kwa neno la mtu mmoja, asome hadithi iliyopikwa pamoja na yai, na mimi nimekaa mbele naitikia. Nilimpigia dada yangu Tanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ukithubutu kumtia Baba midomoni mwa watu, kwangu usije tena." Akakata.

Kontena likaondoka kwenda Huangpu. Mchana ule Mwalimu, ambaye kesho yake anasafiri, akaniita Xiaobei tuagane. Nikapanda ngazi. Chumba kilikuwa kimeshakuwa kitupu, sanduku lake limefungwa kwa kamba, na sarafu zote ziko mkekani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akanitazama sana. "Tangu Ijumaa huli. Mama wa Mwanza kaniambia."

"Ni mzigo tu, Mwalimu."

"Mzigo ushakwenda." Akavuta mto akaketi. "Mama Rehema, nina jambo linanisumbua. Yule fundi saa nimemchukua kwa neno la baharia peke yake. Sijapata mtu wa kunishuhudilia. Wewe ni mtu wa Tanga. Unamjua?"

Ningeweza kusema simjui. Angeniamini, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Naomba niishike kwanza," nikasema.

Akanipa. Nikaipeleka dirishani penye mwanga. Nilijua cha kutazama, kwa sababu Baba mwenyewe alinifundisha siku moja alipokuwa amefurahi: fedha iliyovaliwa shingoni miaka mingi, uzi huila upande wa juu, tundu likawa refu; iliyotobolewa kwa keekee ya fundi ikakaa kwenye kabati, tundu hubaki duara. Niliomba liwe refu. Wallahi niliomba, midomo ikitikisika, kama mtu anayemwombea mgonjwa. Lilikuwa duara. Na pembeni yake, kwenye nywele za malkia, ulikuwepo mkwaruzo mfupi wa kuteleza, ule ambao Baba aliuacha kwenye kila kitu alichokitoboa, maana bila gumba keekee ilimponyoka kidogo kabla haijauma. Hereni za Mama zina mkwaruzo huo. Mkanda wa saa yangu ya shule ulikuwa nao.

"Fundi saa ni baba yangu," nikasema, bado nimeangalia dirishani. "Tundu hili katoboa yeye. Mkunga labda alikuwepo, Mwalimu, lakini hii haikuwa yake." Nikamweleza yote, kopo, yai, nahodha wa Kigiriki. Lile neno lenyewe, mwongo, ulimi ulikataa kulitoa.

Hakuniuliza kama nilisikia au niliona. Nikageuka kumtazama.

"Alikuwa akikupenda?" akauliza.

"Sana."

"Alhamdulillahi." Akachukua simu.

"Mwalimu, ngoja. Kesho."

"Kesho watakuwa washachinja."

Akapiga. Sauti ya mzee wa Pangani ikajaa chumbani, imechangamka, huko kwao ni asubuhi. Salamu ndefu. Turubai limeshapatikana, vitukuu wa mkunga wameshafika kutoka Muheza, na juzi amezaliwa mtoto wa kike kapewa jina la mkunga.

"Sheikh wangu," Mwalimu akasema, "ile reale si ya mkunga. Nimekosea."

"Si yake vipi? Nani kasema?"

Mwalimu akaninyooshea kiganja ninyamaze, nami hata mdomo sijaufungua.

"Nasema mimi. Niliipokea bila kuuliza vya kutosha."

"Mwalimu, mji mzima ushaambiwa. Uliniapia, wewe mwenyewe, kwa kinywa chako."

"Niliapa."

"Basi umetudanganya!" Sauti ya mzee ikapasuka. "Watu wamesafiri! Sisi tulikushika kama mtu wa ukweli, kumbe na wewe ni mwongo tu, mwongo kama wauza sarafu wote!"

Mwalimu akafumba macho. Neno hilo, kwa kanuni yake mwenyewe, lilitosha kuangusha kila kitu kilichokuwa mkekani, maana yeye ndiye aliyekuwa mpokezi wa mwisho wa minyororo yote. Jina moja tu lingemwokoa, na mimi, binti wa mwenye jina hilo, nimesimama mbele yake.

"Nimekusikia, sheikh," akasema. "Niliwaambia jambo lisilokuwa. Nisameheni."

Upande wa pili ukakata. Mwalimu akaiweka simu chini polepole. Mimi nilikuwa nalia waziwazi.

"Kwa nini hukumtaja? Ungesema ni yeye wangekuelewa!"

"Keshakufa, mwanangu. Nani atamsimamia? Mimi miguu ninayo bado, nitakwenda Pangani mwenyewe wanitukane usoni." Akajaribu kutabasamu, tabasamu halikuja.

Nikaiokota ile simu. Akataka kuninyang'anya, nikamgeuzia mgongo, nikabonyeza namba ile ile. Nilimwona dada yangu, nikaliona kaburi la Baba kule Tanga. Simu ikaita. Ikapokelewa kwa ukali.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Mimi ni binti wa fundi saa wa Ngamiani. Aliyewadanganya ni baba yangu."